Habari za Misekwoya, Miti Mikubwa ya California

Upande wa machweo wa nchi ya Marekani, karibu na bahari ya Pasifiki, kuna jimbo liitwalo California, na katika jimbo hilo mna safu ndefu ya milima iitwayo Sierra Nevada, maana yake kwa Kihispania ni milima ya theluji. Katika mitelemko ya milima hiyo ielekeayo magharibi huota mti uitwao msekwoya. Hapana mti mwingine duniani wenye shina kubwa na zito kama lake. Iko miti mirefu kuupita, tena iko iliyoishi miaka mingi kuupita, lakini kwa wingi wa mbao ya shina moja hapana wa kushindana nao.

Labda wasomaji wetu watasema, Mti wa mbali kama huo watuhusu nini? Twajibu kwamba habari zake zina jambo la kufikiriwa na kila mtu aliyekabidhiwa kitu cha kutunza. Maana mti huu ulipatwa na hasara mara mbili. Mara ya kwanza ilitoka kwa watu waliokuja na shoka na msumeno, na hasara hiyo ilionekana na wote. Mara ya pili ilitoka kwa rafiki zake, watu waliotaka kuulinda kwa moyo safi; nao kwa muda wa miaka mingi walikuwa wakiuzuia usizae, wala hawakujua. Tutaeleza kwanza jinsi mti huu uotavyo, ndipo tueleze mambo yaliyoupata.

Msekwoya mkubwa kupita yote huitwa General Sherman, kwa jina la mkuu mmoja wa majeshi ya Marekani. Urefu wake ni futi 275, na mtu akitaka kulizungusha shina lake kamba pale chini, hana budi kuwa na kamba ya futi 103 hivi. Watu wazima 17 wakinyosha mikono na kushikana ndipo watakapolizunguka. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 2,200, yaani ulikuwa umekwisha kuwa mti mkubwa alipozaliwa Bwana Yesu katika Bethlehemu. Walakini uko uliokuwa mzee kuliko huo. Katika visiki vya miti iliyokatwa zamani, kimoja kilihesabiwa pete zaidi ya 3,200. Basi mti ule ulichipua kabla Mfalme Daudi hajazaliwa.

Pete hizo ni nini? Kila mwaka mti huongeza tabaka moja ya mbao chini ya gome lake. Mbao iliyoota mwanzo wa majira ni nyepesi, na ile ya mwisho ni ngumu na nyeusi kidogo, hata ukikata shina waona duara ndani ya duara, na kila duara ni mwaka mmoja. Mwaka wa maji mengi pete yake ni nene, mwaka wa ukame ni nyembamba. Tena moto ukiuunguza mti ubavuni bila kuuua, kovu hubaki katika pete ya mwaka ule ule, na mbao mpya hulifunika kidogo kidogo. Kwa hiyo shina la msekwoya ni kama kitabu cha tarehe, nacho kimeandikwa mwaka kwa mwaka. Tukumbuke neno hili la makovu, kwa maana tutalirudia mbele.

Msekwoya ni wa jamii moja na mtarakwa uotao katika milima ya Kenya na Kilimanjaro, ijapokuwa mmoja ni kama jitu na mwingine ni kama mtoto mbele yake. Hauoti kila mahali. Makao yake ya asili ni misitu midogo midogo 70 na zaidi, iliyotawanyika katika ukanda mwembamba wa maili 250 hivi, kwa kawaida kati ya futi 5,000 na 7,000 juu ya bahari. Hapo wakati wa baridi huanguka theluji nyingi, na wakati wa joto karibu hapana mvua kabisa. Theluji huyeyuka polepole na kuingia ardhini, na maji hayo ndiyo yanayounywesha mti miezi yote ya kiangazi. Msekwoya mkubwa hunywa maji mengi ajabu. Siku ya jua kali waweza kumaliza lita 2,000 na zaidi.

Tunda lake halina nyama ya kuliwa. Ni kitu cha mviringo, kadiri ya yai la kuku, kilichofungwa kwa magamba magumu ya kijani, na ndani yake mna mbegu 200 hivi. Mbegu yenyewe ni ndogo ajabu. Ukizikusanya mbegu 200,000 ndipo utapata uzito wa kilo moja. Na hapa pana jambo la kushangaza: matunda hayo yakikomaa hayafunguki wala hayaanguki. Hubaki juu ya mti, yamefumba, yakiwa hai, na huweza kukaa hivyo miaka 20. Mti hushika akiba yake ya mbegu kama mtu afumbaye ngumi.

Ni nani awezaye kuifumbua ngumi hiyo? Wako watatu. Wa kwanza ni kindi, mnyama mdogo wa mitini, anayetafuna magamba na kumwaga mbegu akiwa anakula. Wa pili ni mdudu wa namna ya mbawakawa, ambaye funza wake hutoboa tunda na kukata mishipa ya maji, hata likakauka na kufunguka. Lakini hao wawili hufungua haba na haba. Wa tatu ndiye afunguaye kwa wingi, naye ni moto. Moto upitapo chini ya mti, joto lake hupanda juu hata vileleni. Halichomi matunda, ila huyakausha. Baada ya siku chache magamba yaachana, na mbegu zaanguka kama mvua, maelfu kwa maelfu.

Tena zaanguka wapi? Hili ndilo fumbo lenyewe. Mbegu ndogo namna ile haina chakula cha kutosha ndani yake. Ikiangukia juu ya majani makavu na vijiti vilivyorundikana, mizizi yake myembamba haifiki udongo, nayo hukauka kabla ya kiangazi kwisha. Ikiangukia kivulini, hufa kwa kukosa jua. Yataka udongo mtupu, laini, wenye maji, na mahali palipo wazi kwa mwanga. Na moto ndio unaofanya kazi zote hizo kwa mara moja: hufungua tunda, huteketeza takataka za juu ya ardhi, huua miti midogo itiayo kivuli, na kuacha majivu laini ya kulalia mbegu. Basi mti huu ulikwisha kupatana na moto tangu zamani sana. Pasipo moto huzaa matunda, lakini watoto hauwapati.

Mtu atauliza, Mbona moto huo hauuteketezi mti wenyewe? Ni kwa sababu ya gome lake. Gome la msekwoya mzee huweza kuwa na unene wa futi 2, jekundu, laini kama nyuzinyuzi za makumbi ya nazi. Halina ulimbo mwingi wa kuwasha moto kama misunobari mingine ilivyo. Ndani yake, na ndani ya mbao pia, mna dawa kali ya namna ile ile iliyomo katika magome ya mikoko, ambayo mafundi hutengenezea ngozi; dawa hiyo huwachukiza wadudu na kuvu. Kwa hiyo wadudu ni wachache wawezao kuudhuru mti huu, na ukianguka, gogo lake laweza kulala chini miaka mia na zaidi bila kuoza. Tena matawi ya mti mzee yako juu sana, hata ndimi za moto wa majani hazifiki.

Udhaifu wake uko chini. Msekwoya mkubwa hauna mzizi wa kati uzamao ardhini. Mizizi yake haiendi chini sana, ila huenea mbali pande zote, futi 100 na kupita. Kwa hiyo udongo ukilowa mno, au theluji ikiulemea, au upepo ukivuma kwa nguvu, huweza kung'oka mzima mzima. Ndivyo ulivyoanguka mwaka wa 1969 mti maarufu wa Wawona, ambao watu walikuwa wameutoboa njia ya magari katikati ya shina mwaka wa 1881. Na mwingine uliotobolewa vivyo hivyo huko Calaveras ulianguka katika tufani ya Januari 2017.

Katika kukua kwake pia kuna ajabu. Mche wa msekwoya huota haraka ukipata jua na maji, na kwa miaka mia hivi ya kwanza umbo lake ni kama pia iliyosimama juu chini, matawi yamefika mpaka ardhini. Halafu matawi ya chini hufa na kuanguka, kilele huwa cha mviringo, na shina huzidi kunenepa. Zamani watu walidhani kwamba mti mzee huacha kukua, kama mwanadamu. Wataalamu waliopanda vileleni na kupima wakaona kinyume chake: msekwoya mkubwa huongeza mbao nyingi kwa mwaka kuliko mdogo, kwa kuwa una majani mengi zaidi. Uzee haujaupunguzia nguvu.

Sasa tugeuke kwenye habari za watu.

Kabla ya wageni kufika, milima hiyo ilikuwa na wenyewe. Wamiwok walikaa upande wa kaskazini, na Wamono na Wayokuts upande wa kusini. Waliishi kwa kuwinda, kwa kuvua samaki, na kwa kula kokwa za mialoni, ambazo walizisaga na kuziosha hata uchungu ukatoka. Watu hawa walizoea kuchoma vichaka na majani kwa kiasi, kwa majira yake. Walichoma ili kulungu wapate majani mabichi, ili kokwa zionekane na kuokotwa, na ili vichaka vichipue fito nyembamba zilizonyoka za kusukia vikapu. Maana walikuwa mafundi hodari wa vikapu. Pamoja na moto wao, ulikuwako moto wa radi, uliowaka mlimani wakati wa kiangazi na kutambaa chini kwa chini. Makovu katika pete za miti yashuhudia. Wataalamu walipoyasoma makovu hayo katika msitu uitwao Giant Forest walipata tarehe ya moto ya miaka 3,000, nao waliona kwamba moto mdogo ulipita mara kwa mara, karne baada ya karne. Kisha, tangu mwaka wa 1860 hivi, makovu yanapungua, na baadaye karibu yanakoma.

Sababu yake ni ya kuhuzunisha. Mwaka wa 1848 dhahabu ilionekana California, na watu wakamiminika kutoka pande zote za dunia. Wenyeji walishikwa na ndui, surua na maradhi mengine wasiyoyajua. Wengine waliuawa, wengine wakafukuzwa. Hesabu yao katika jimbo lote ilikuwa kadiri ya watu 150,000 kabla ya dhahabu. Baada ya miaka 25 tu walibaki kama 30,000. Tena sheria ya mwaka wa 1850 iliyohusu wenyeji iliweka adhabu kwa mtu atakayewasha moto mbugani. Hivyo waliojua kuutumia moto waliondolewa, na maarifa yao yakaondoka pamoja nao.

Mwaka wa 1852 mwindaji mmoja, Augustus Dowd, alikuwa akimfuata dubu katika msitu wa Calaveras, ndipo akaukuta mti mkubwa mno. Aliporudi na kusimulia, wenzake walimcheka. Iliwabidi waende kuona kwa macho. Yafuatayo hayakuwa ya sifa. Mwaka uliofuata, 1853, mti ule ule ulikatwa ili vipande vyake vionyeshwe kwa watu kwa malipo. Hapakuwa na msumeno wa kuutosha, basi walitoboa shina kwa keekee ndefu, tundu kando ya tundu, na kazi hiyo iliwapata siku 22. Kisiki kilichobaki kilikuwa kipana hata watu walikifanya sakafu ya kuchezea ngoma. Mwaka wa 1854 mti mwingine, ulioitwa Mama wa Msitu, ulichunwa gome ungali umesimama, mpaka kimo cha futi 116. Gome hilo likapelekwa New York, kisha London, likaunganishwa tena ili watu walione. Wengi waliolitazama walidhani ni udanganyifu. Mti uliochunwa ulikufa.

Mbegu nazo zilipelekwa Uingereza mwaka wa 1853 na William Lobb, aliyetumwa kutafuta mimea mipya, na miti iliyotokana na mbegu za miaka ile ingali yasimama katika bustani nyingi za huko.

Baadaye wakaja wakata mbao. Katika bonde la Converse, tangu miaka ya 1890, kampuni iliyokuwa na mfereji wa mbao wa maili 54 wa kuteremshia magogo yaliyopasuliwa iliangusha karibu misitu yote ya bonde hilo. Misekwoya 8,000 hivi hutajwa. Na wala haikupata faida. Mbao ya msekwoya mzee ni nyepesi na yavunjika kwa urahisi, na mti wa uzito ule ukianguka hupasuka vipande vipande kama chungu. Sehemu kubwa iliachwa pale pale iharibike, na iliyobaki ilifanywa nguzo za ua, vigae vya mbao vya kuezekea, na vijiti vya kuegemeza mizabibu. Mti wa miaka 2,000 ulikatwa ili kutegemeza mzabibu wa miaka 20! Mmoja ulioitwa Mark Twain ulikatwa mwaka wa 1891, na kipande cha shina lake, chenye pete zaidi ya 1,300, kimo mpaka leo katika nyumba ya makumbusho ya New York.

Wako waliosikitishwa na uharibifu huo, nao hawakunyamaza. Mwaka wa 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa havijaisha, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya kuutunza msitu wa Mariposa. Mwandishi John Muir alitembea kwa miguu katika misitu hiyo mwaka wa 1875, akaandika sana habari zake. Mwaka wa 1890 serikali iliweka hifadhi ya Sequoia, nao askari wakatumwa kuilinda. Mwaka wa 1903 mkuu wa askari hao alikuwa Kapteni Charles Young, mtu mweusi aliyezaliwa katika utumwa huko Kentucky mwaka wa 1864. Kwa miezi michache yeye na askari wake weusi waliimaliza barabara ya kufika Giant Forest, ambayo wengine walikuwa wameifanya kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Alifariki mwaka wa 1922 akiwa kazini huko Lagos katika Afrika ya Magharibi.

Basi shoka likazuiwa, na kila mtu alifurahi. Lakini walinzi walisema, Adui aliyebaki ni moto. Tusiwalaumu upesi. Ni nani asiyeogopa moto? Walikuwa wameona wachungaji wa kondoo wakichoma milima ovyo, na mwaka wa 1910 moto mkubwa sana uliteketeza misitu ya majimbo ya Idaho na Montana na kuua watu wengi. Kwa hiyo amri ikawa moja: moto wo wote uonekanao uzimwe mara moja. Mwaka wa 1935 idara ya misitu iliweka kanuni kwamba kila moto uwe umekwisha kuzimwa kufika saa nne ya asubuhi ya siku ya pili yake. Walifanya kazi hiyo kwa bidii na ushujaa, nao walifaulu. Miaka ikapita, misekwoya ikasimama kimya, mizuri, bila moshi.

Hata ilipofika miaka ya 1950 na 1960, mwalimu mmoja wa elimu ya viumbe katika chuo cha San Jose, jina lake Richard Hartesveldt, alichunguza hali ya misitu hiyo. Watu walikuwa wakiogopa kwamba miguu ya wageni wengi waliokuja kutazama ingeiumiza mizizi. Yeye aliona hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Chini ya majitu yale hapakuwa na watoto. Miche ya msekwoya ilikuwa karibu haionekani. Badala yake palijaa miti mingine ipendayo kivuli, imesongamana, na chini yake takataka za majani na matawi zilirundikana sana. Wazee walikuwa hai, lakini nyumba haikuwa na mrithi.

Mwaka wa 1964 Hartesveldt na wenzake walianza kuchoma moto kwa kiasi katika msitu wa Redwood Mountain. Watu wengi waliona ni wazimu, kuwasha moto chini ya miti iliyolindwa na moto tangu miaka 70. Lakini hata majira yaliyofuata, penye majivu, miche ya msekwoya ilichipua. Mwaka wa 1968 hifadhi ya Sequoia na ile jirani yake ya Kings Canyon zilianza kuuacha moto wa radi uwake katika sehemu za juu za milima, na baadaye walinzi wakaanza kuchoma wao wenyewe kwa mpango, katika majira yasiyo na hatari. Lile ambalo Wamono na Wayokuts walikuwa wakilitenda kwa vizazi vingi likapata sasa kuitwa elimu. Wazee wetu husema, Penye wazee haliharibiki neno. Lakini ni sharti wazee waulizwe.

Hata hivyo kazi ilikwenda polepole. Moshi huwaudhi watu wa mijini, nyumba zimejengwa karibu na misitu, fedha ni chache, na moto uliowashwa kwa mpango ukiponyoka mara moja, watu hukumbuka huo na kusahau mia iliyotii. Kwa hiyo sehemu nyingi hazikuchomwa, na kuni ziliendelea kurundikana mwaka kwa mwaka. Tena hali ya hewa imezidi kuwa ya joto. Tangu mwaka wa 1,012 baada ya elfu ya kwanza, yaani 2012, hata 2016 ulikuwako ukame mkali, uliokausha na kuua mamilioni ya miti mingine katika milima hiyo.

Ndipo deni likadaiwa. Agosti 2020 radi ilianzisha moto ulioitwa Castle. Huu haukutambaa chini kama moto wa zamani. Ulipata kuni za miaka mia, ukapanda juu ya ile miti midogo iliyosongamana kama mtu apandaye ngazi, ukafika vileleni mwa misekwoya, mahali ambapo gome nene halina msaada. Wapimaji walipokwisha kazi yao walikadiria kwamba misekwoya mikubwa kati ya 7,500 na 10,600 ilikufa. Mwaka uliofuata, 2021, moto miwili mingine, KNP na Windy, ikaua au kujeruhi hata kufa kati ya 2,261 na 3,637. Tukijumlisha, katika kila misekwoya mikubwa 100 iliyokuwa duniani katika makao yake ya asili, kati ya 13 na 19 iliangamia kwa miaka miwili tu. Miti iliyokwisha kupona moto mara nyingi katika maisha yake haikupona huo.

Septemba 2021 moto wa KNP ulipoikaribia Giant Forest, walinzi waliufunga mti wa General Sherman chini ya shina kwa karatasi za madini zing'aazo, na picha yake ilionekana katika magazeti ya dunia yote. Lakini kilichouokoa msitu ule zaidi kilikuwa kazi ya nyuma. Giant Forest ulikuwa umechomwa kwa mpango mara nyingi kwa miaka mingi. Moto ulipofika pale ulikosa chakula, ukashuka chini, ukawa mpole. Jambo kama hilo lilionekana tena mwaka wa 2022 katika msitu wa Mariposa, uliopona moto wa Washburn. Kwingineko, mathalani katika sehemu za Redwood Mountain, moto ulikuwa mkali hata matunda yenyewe yakaungua pamoja na mbegu zake, na mwaka wa 2023 walinzi walianza kupanda miche kwa mikono. Wako waliopinga upandaji huo, wakisema msitu uachwe ujirudie wenyewe. Shauri hilo lina wenye hekima pande zote mbili.

Hapa twataka kuonya, mtu asije akaisoma habari hii na kushika kiberiti. Si kila mti umepatana na moto. Misitu yetu ya milimani yenye ukungu na unyevu haina gome la futi 2 wala matunda yangojayo joto. Mwaka ule ule wa 2020, mwezi wa Oktoba, moto uliwaka juu ya Kilimanjaro, na wachunguzi wa mlima huo wamekwisha kuonyesha ya kuwa moto wa mara kwa mara umeurudisha msitu wa juu chini, na kupunguza miti inayonasa maji ya ukungu. Moto uleule ulio mkunga wa msekwoya ni mwuaji wa mti mwingine. Ndiyo sababu haitoshi kusema moto ni mwema, wala haitoshi kusema moto ni mbaya. Yapasa kuuliza, Kwa mti gani, mahali gani, majira gani, na kwa kiasi gani?

Waliowaka tamaa waliikata misekwoya kwa miaka 50 hivi, na ubaya wao wajulikana. Walioipenda waliinyima moto kwa miaka kama hiyo na zaidi, na wema wao haukuwapunguzia wale majitu hasara yao. Mwenye kutunza shamba, au mifugo, au chemchemi, au mtoto, na akumbuke hayo. Kupenda kitu ni mwanzo wa kukitunza. Unaofuata ni kujifunza jinsi kiishivyo, na kuwauliza waliokaa nacho kabla yetu.